SIKUKUU: MAANA NA ASILI YA NENO



Juma la mwisho la muhula wa tatu niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha, kichwa chake "Sikukuu Nyumbani Kwetu". Darasa zima likainamia madaftari, kwa kuwa hakuna insha nyepesi kuliko hiyo: mtu hutaja wali, nyama, nguo mpya na wageni, na ukurasa umejaa. Kijana mmoja tu hakuandika. Nilipomwendea akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, sisi tuna msiba. Mwaka huu kwetu hakuna sikukuu. Niandike nini?"

Nilimwambia aandike habari nyingine yo yote, naye akaandika juu ya kilimo cha migomba. Lakini jibu langu halikuniridhisha hata kidogo. Nilijua kuwa nimemwacha na kosa la lugha, na pengine na jambo zito kuliko kosa la lugha. Yeye alidhani kwamba maana ya sikukuu ni furaha na chakula, na wenzake wote walidhani vivyo hivyo. Basi muhula mpya ulipofunguliwa nilitoa kipindi kizima kulifundisha neno hili moja. Haya ndiyo niliyoyasema, pamoja na machache ambayo kengele ilinizuia nisiyaseme.

Neno hili limeundwa kwa maneno mawili, siku na kuu. Tuanze na la nyuma, maana ndilo linalokosewa zaidi.

Wanafunzi wengi wakiulizwa hujibu mara moja kwamba -kuu ni sawa na -kubwa. Si sawa. Ukubwa hupimwa kwa macho au kwa kamba; ukuu hupimwa kwa cheo. Dar es Salaam ni mji mkubwa kuliko miji yote ya Tanzania, lakini mji mkuu ni Dodoma, uliochaguliwa mwaka 1973 kuwa makao ya serikali. Waziri Mkuu aweza kuwa mtu mfupi mwembamba. Ukimwita "waziri mkubwa" utakuwa umetaja kiwiliwili chake, na huenda asifurahi. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na leo yaitwa Chuo Kikuu, wala si kwa sababu ya wingi wa majumba yake.

Sasa tazama: siku haiwezi kuwa kubwa. Siku zote zina saa 24, na hapa kwetu karibu na mstari wa Ikweta hata mchana wake hauzidiani sana mwaka mzima. Kwa hiyo waliolitunga neno hili hawakusema "siku kubwa". Walisema siku kuu, yaani siku iliyopewa cheo juu ya nyingine, kama vile mzee hupewa kiti mbele ya vijana.

Na mfano huu wa mzee sikuutoa hewani. Shina lenyewe ndilo lisemalo hivyo. Kiswahili kina tabia ya kuiangusha l iliyo katikati ya irabu mbili, ambayo ndugu zake wa Kibantu wameihifadhi. Mganda husema okuzaala, Mswahili husema kuzaa. Mganda husema okutwala, Mswahili kutwaa. Mganda husema okukula, Mswahili kukua. Lakini l hiyo haikupotea kabisa. Imejificha tu, na mara unapolirefusha neno hujitokeza: kuzaliwa, kutwaliwa, "nilikulia Masaka". Basi -kuu yetu ni -kulu ya Kiganda na ya Kinyanja, ni -kuru ya Kinyarwanda na Kirundi, ni -khulu ya Kizulu. Nalo ni ndugu wa kukua. Kilichokua ndicho kilicho kikuu. Omukulu kwa Kiganda ni mtu mzima, tena ni mkubwa wa watu. Mswahili naye akamwita mkuu. Hata nguo kuukuu imetoka katika ukoo huo, ila hiyo imekua mno mpaka imechakaa.

Kwa hiyo ukitaka kuifasiri sikukuu kwa kufuata mizizi yake, sema "siku iliyo mzee wa siku nyingine". Hapo hujataja nyama wala ngoma.

Mwanafunzi mmoja, mwenye ulimi mwepesi, aliniuliza kama nina ushahidi au nacheza na maneno tu. Nilimpa ushahidi mmoja, nao watosha. Wakristo wana siku ya kukumbuka kusulubiwa kwa Yesu, nayo kwa Kiswahili huitwa Ijumaa Kuu. Siku hiyo wengi hufunga, makanisa mengine huondoa mapambo yote, wala hakuna anayempongeza mwenziwe. Ni siku ya huzuni, hata hivyo ina neno lile lile, kuu. Kama kuu ingekuwa na maana ya furaha, jina hilo lingekuwa matusi.

Tuje sasa kwenye siku. Hapa pana jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua mpaka nilipokuwa mtu mzima, nalo lanipendeza kuliko yote.

Mtoto wa shule akiulizwa kinyume cha usiku ni nini, mara nyingi hujibu "siku". Amekosea, kinyume cha usiku ni mchana. Siku ni vyote viwili pamoja. Lakini kosa lake lina njia yake, kwa kuwa ameona vizuri kwamba maneno siku na usiku yanafanana, isipokuwa hajui sababu. Sababu ni kwamba ni shina moja. Wazee wa kale waliosema lugha mama ya Kibantu walikuwa na shina lenye maana ya usiku, na kwa shina hilo hilo wakahesabia muda wa usiku na mchana wake. Ndugu zetu wameyahifadhi yote mawili kama sisi. Kinyanja cha Malawi chasema tsiku kwa siku, na usiku kwa usiku. Kizulu chasema usuku kwa siku, na ubusuku kwa usiku. Watu walioachana zamani sana, na kati yao sasa kuna mwendo wa maelfu ya maili, bado wanahesabu siku kwa kuhesabu usiku.

Desturi ya pwani yakubaliana na jambo hilo. Katika hesabu ya Kiswahili siku huanza jua linapotua. Saa moja ya kwanza ya siku ni saa moja ya usiku. Mzee wa Mombasa au Unguja akisema "usiku wa Ijumaa", kwa desturi yao ya zamani anakusudia usiku ule ambao sisi wa shule tungeuita wa Alhamisi. Ndiyo maana siku hizi watangazaji wa redio, ili wasikosane na watu, husema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Tahadhari hiyo ni njema. Nimewahi kukosa arusi kwa sababu ya neno hilo moja, nikafika siku moja baadaye na kukuta wanakunja mikeka.

Basi, kama siku huanza na usiku, sikukuu nayo haina budi kuanza na usiku. Na ndivyo ilivyo. Idi haianzi kwa sala ya asubuhi. Huanza mwezi unapoandama jioni ya mwisho wa Ramadhani, na kuanzia hapo watu wako katika Mfunguo Mosi. Wakristo nao wana mkesha wa Noeli, na neno mkesha latokana na kukesha, yaani kukaa macho usiku. Wayahudi huianza Sabato yao jua linapokuchwa. Mtu anayengoja mpaka sufuria zianze kunukia adhuhuri, huyo ameikuta sikukuu imekwisha kupita nusu.

Niongeze jambo dogo nje ya njia. Mmewahi kujiuliza kwa nini siku ya kwanza kuhesabiwa ni Jumamosi, wala si Jumapili au Jumatatu? Ni kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku yenye cheo katika juma la Waislamu wa pwani, na hesabu huanza upya inapokwisha: mosi, pili, tatu, nne, tano. Kisha baada ya Jumatano, ambayo ni ya tano kwa Kiswahili, yaja Alhamisi, ambayo ni ya tano kwa Kiarabu! Juma letu lina siku mbili za tano na halina ya sita. Waliolipanga hawakuona taabu, maana hesabu mbili zimekutana mlangoni pa siku iliyo kuu.

Hapo darasani palizuka ubishi, na kwa sababu ubishi huo umo pia nje ya darasa, nitaueleza kwa urefu.

Msichana mmoja Mganda alisimama akasema, "Mwalimu, neno hili ni la kwetu. Sisi twasema Ssekukkulu, na Waswahili wamelichukua kwetu wakalikata." Mwenziwe kutoka upande wa mashariki akamjibu kwamba yote mawili yametoka kwa Waarabu, kwa sababu "maneno yote ya Kiswahili ya mambo ya furaha ni ya Kiarabu."

Kwa yule msichana nilianza kwa kumsifu, kwani alikuwa ameona kweli kwamba maneno hayo mawili ni kitu kimoja. Kisha nikamwuliza, siku kwa Kiganda ni nini? Akajibu, olunaku. Na siku nyingi? Ennaku. Na usiku? Ekiro. Basi seku hii katika Ssekukkulu ni nini? Akafikiri, asipate jibu. Hana jibu kwa sababu Kiganda hakina shina hilo katika maneno yake ya kila siku. Sehemu hiyo ni mgeni aliyetoka pwani. Lakini -kulu ni neno lake mwenyewe, naye ana haki nalo. Waganda wa zamani walisikia "siku kuu" kutoka kwa wageni. Sehemu ya kwanza hawakuijua, wakaichukua jinsi walivyoisikia. Sehemu ya pili waliitambua mara moja kuwa ni ndugu wa -kulu yao, wakairudishia l ambayo Waswahili waliiangusha. Tena neno zima likavaa sura ya majina ya wanaume yaanzayo kwa Sse-, hata mgeni huweza kudhani Ssekukkulu ni jina la mtu.

Lilifikaje? Wafanya biashara wa pwani walifika katika baraza la Kabaka Suna mnamo miaka ya 1840. Kabaka Mutesa wa Kwanza mwenyewe alijua Kiswahili. Wamisionari wa Kiprotestanti walipofika mwaka 1877, na Mapadre Weupe mwaka 1879, walikikuta Kiswahili kimewatangulia, na kabla ya vitabu vya Kiganda kupatikana, wasomaji wa kwanza walifundishwa kwa Kiswahili. Ndiyo sababu maneno mengi ya dini na ya elimu katika Kiganda yana sura ya pwani: okusoma, ekitabo, eddiini, omusigiti, ssaawa. Ssekukkulu ni mwenzao. Leo kwa Waganda maana yake imebana, nayo ni Krismasi tu. Kwa sikukuu nyingine husema ennaku enkulu, yaani walilifasiri neno kwa maneno yao wenyewe. (Na ennaku, kwa wasiojua Kiganda, huandikwa sawasawa na neno la huzuni. Sisemi zaidi.)

Wanyarwanda hawakulichukua neno lenyewe, walichukua njia ya pili, au tuseme walifikiri kama Waswahili walivyofikiri: sikukuu kwao ni umunsi mukuru, na Warundi husema umusi mukuru, siku kuu neno kwa neno. Wakikuyu wa Kenya wao walilichukua lenyewe. Hawana s katika lugha yao, wakatia th mahali pake, nalo likawa thigũkũ. Waacholi kule kaskazini hawakulichukua sikukuu bali jirani yake, karamu, wakaliita karama, na kwa hilo huitaja Krismasi na hata sikukuu za katika Biblia.

Nayaeleza haya kwa makusudi. Kiswahili kimetajwa katika Katiba ya Uganda tangu mabadiliko ya mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe katika shule zetu. Wako wanafunzi, na wazazi pia, wanaokiona kama kitu kinachoingizwa nyumbani kwao kwa nguvu. Lakini kila mwezi wa Desemba bibi aliye kijijini, asiyejua hata salamu ya Kiswahili, hutamka maneno mawili ya Kiswahili na kuyahesabu kuwa yake. Nasi hatuna sababu ya kumwambia si yake. Nusu yake ilikuwa yake tangu zamani.

Kwa yule wa pili, aliyesema kwamba yote ni ya Kiarabu, nilimjibu kwamba sikukuu ni Kibantu kitupu, mwanzo hata mwisho. Lakini kuhusu jirani zake ana haki. Karamu imetoka katika shina moja na karimu na ukarimu. Ni chakula anachotoa mtu kwa heshima ya wageni wake. Hafla ni mkusanyiko. Idi, kama wasemavyo wengi, ni kitu kinachorudi kila mwaka, na ada, yaani desturi, ni ndugu yake. Tafrija na faraja ni shina moja: kufunguliwa, kuondolewa dhiki.

Na sherehe? Hili lina kisa chake. Baadhi ya vitabu vya mashairi vina kurasa zenye kichwa "Sherehe", na mwanafunzi akifungua kwa furaha hukuta orodha ya maneno magumu na maana zake. Huona amedanganywa. Kumbe shina la Kiarabu ni kufungua na kupanua. Ukilifungua neno gumu likaeleweka, hiyo ni sherehe. Na kifua kilichobanwa kikifunguka kwa furaha, hiyo pia ni sherehe. Sura ya 94 ya Kurani ina jina la shina hilo, nayo inahusu kukunjuliwa kifua.

Sasa yapange. Karamu ni chakula, hafla ni watu, tafrija na sherehe ni hali ya moyo na mambo yanayoionyesha. Sikukuu ni siku yenyewe. Mtu aweza kufanya karamu siku yo yote akiwa na fedha. Hawezi kufanya sikukuu, kwa kuwa siku haitoki mfukoni mwake. Na sikukuu yaweza kuja ikamkuta hana karamu, hana hafla wala sherehe, nayo isipunguke. Kwa hiyo "kwetu hakuna karamu mwaka huu" ni sentensi sahihi, na "kwetu hakuna sherehe" ni sahihi. "Kwetu hakuna sikukuu" ni kama kusema kwetu hakuna Jumanne.

Neno moja juu ya maandishi, kwa ajili ya mtihani. Siku ya kalenda iandike kwa neno moja: sikukuu ya Pasaka, sikukuu ya Idi, sikukuu hizi, sikukuu zote. Ukitaka tu kuisifu siku fulani, yaandike mbali mbali: "siku ile kuu nilipopewa cheti". Ukiweza kuingiza neno lingine katikati, basi ni maneno mawili. Wala usiandike "masikukuu"; umoja na wingi ni sawa.

Tena, si kila siku yenye jina ni sikukuu. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Kwa Watanzania tarehe hiyo hiyo ni Saba Saba, nayo ni sikukuu. Tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani, na nimeiadhimisha mara nyingi nikiwa na chaki mkononi. Siku nne baadaye, tarehe 9, ni sikukuu ya Uhuru wa Uganda, uliopatikana mwaka 1962, na chaki hupumzika.

Siku chache baada ya kipindi kile, kijana wangu wa migomba aliniletea insha ambayo sikuidai. Kurasa mbili. Yaanza jioni ya tarehe 24 Desemba, mama yake akiwasha taa mapema kuliko kawaida na kuiweka dirishani, mahali baba alipokuwa akikaa; wanakesha, wanasema machache, jogoo anawika. Chakula kimetajwa mara moja, chai kavu. Nilimsahihishia makosa manne ya viambishi na nafasi moja ambapo aliandika "siku kubwa", nikampa alama alizostahili.

Mwenye neno la kwao kwa siku hizi, iwe ni Kiteso, Kilugbara, Kikonjo au lugha nyingine yo yote, aliandike pamoja na maana ya kila sehemu yake, alitie katika sanduku la gazeti kabla ya mwisho wa muhula. Asiyejua na amwulize bibi yake.